Bolti za Jirani kwenye Bao la Mjomba

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nilizaliwa na ubavu wa kufungua magari. Wenzangu tuliocheza nao chandimu wametawanyika, wana maduka, wana vitambi vya heshima. Mimi nimebaki kwa Mama, Kariakoo, kwenye nyumba ya zamani ya vyumba sita ambayo majirani zake wote wameshavunjwa wakaota maghorofa. Tumebaki katikati yao kama jino moja kwenye ufizi. Jua linaingia uani mchana, linatazama kidogo, linaondoka. Nafua, nafagia, napika mchuzi wa samaki ambao hata watu wasiopenda kunisifu wanausifu. Elimu yangu ni kidato cha nne. Fizikia tulikutana mara moja kwenye mtihani, na yenyewe ndiyo iliyoomba tusionane tena.

Safari yangu ya lazima ilikuwa moja kwa wiki: Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, nampeleka Mama Buguruni kwa dada yake. Mama Mkubwa haoni tena. Macho yalimwacha polepole, kwa adabu, mpaka siku moja akamwaga chai pembeni ya kikombe. Mama humsuka nywele, na huku anasuka anamsimulia mtaa: nani kaolewa, nani kahama, ghorofa gani limeziba dirisha la nani. Mama Mkubwa hakubali kusukwa na mtu mwingine. Anasema mikono ya wengine inamvuta mpaka mawazo.

Kisha giaboksi la gari letu likafa. Ni gari dogo, la oto, lile la kuweka D na kukanyaga. Siku hiyo niliweka D, injini ikalia, gari likabaki pale pale kama mtu aliyesikia anaitwa ila hataki kuitika. Mama alijaribu kwenda kwa bajaji mara moja. Ile mitikisiko ilimrudisha na magoti yamevimba kama mafenesi, akasema bajaji tena labda akiwa amefariki na haulizwi. Ijumaa moja ikapita, nyingine ikapita. Ya tatu ikakaribia, Mama Mkubwa akapiga simu. Hakulalamika. Alisema tu, "Nimeshafumua. Ziko wazi, nimefunga kitambaa, nangoja." Mama akaweka simu chini, akaanza kupanga vikombe ambavyo nilishavipanga.

Suluhisho lilikuwa ng'ambo ya barabara. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kihindi, aliuza vitambaa maisha yake yote na amezaliwa mtaa huu huu, kiasi kwamba Kiswahili chake kina matusi mazuri kuliko changu. Alikuwa na gari kama letu, pacha kabisa. Likiwa limeegeshwa, lori la mchanga lilirudi nyuma likakunja buti lake mpaka likabusu kiti cha abiria. Binti yake akamwambia, Papa, kuendesha sasa basi. Gari likabaki limefunikwa turubai, mbele zima, nyuma chapati.

"Injini nzima, giaboksi zima," alituambia barazani, anapokuja kila alasiri kucheza bao na Mjomba. Mjomba ni mdogo wake Mama, alistaafu bandarini, anakaa chumba cha mbele na anajitambulisha kama bingwa, ingawa hajawahi kutaja wa nini. "Chukueni giaboksi. Mama aende kwa dada yake. Ila mimi nitakuwepo, nataka kuona."

"Mzee, tutalichinja vizuri," nikamhakikishia. Ndivyo mafundi wanavyosema gari likifunguliwa kutoa spea: linachinjwa.

Akaniangalia. "Mimi tangu nizaliwe sijala hata yai. Na wewe unaniambia utanichinjia gari mbele ya macho?"

"Tutalifungua," nikajirekebisha. "Kwa upole."

Fundi alitoka Buguruni. Kazi ingefanyika gerejini kwake, lakini mvua zilikuwa zimeigeuza gereji kuwa bwawa, na magari yanayosubiri yalikuwa yamezama mpaka kwenye ringi. Giaboksi letu bovu alishalitoa hapo kabla ya mvua, tukalivuta gari nyumbani kwa kamba likiwa tupu ndani. Nilimuuliza bolti zetu ziko wapi.

"Kaka, gereji ni kama harusi," akasema. "Viatu vinabadilishana mlangoni. Bolti zenu saa hizi ziko kwenye gari la mtu, zinakula maisha. Tutatumia za huyu mzee."

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi tulisukuma gari la jirani kupitia geti la bati la uchochoroni, tukaliingiza uani. Letu likabaki nje ya geti, pua limeelekeza ndani kama mgonjwa kwenye foleni. Mama alisimama mlangoni na sharti lake: tone la oili lisiguse sakafu. Alinipa magunia ya kutandika. Nilipoomba mkeka wa kulalia aliniuliza kama nimeugua.

Nilikuwa nimepania kukaa pembeni na kupitisha spana. Lakini jambo lenyewe lilinivuta. Nimeendesha oto miaka mingi bila kujua hata siku moja ni nani kule chini anayeamua sasa ni gia ya pili, sasa ya tatu. Mimi sijawahi kuamua jambo kwa haraka hivyo. Nikaingia uvunguni.

Maghorofa ya pande zote yakajaa watu kwenye vibaraza. Uani kwetu ni kama kisima, ukifanya kitu chini, watu wa juu wanakiona chote.

"Kaka, tunaona miguu tu!" akaita dada mmoja anayeanika nguo. "Upo hai?"

"Yupo," Mjomba akamjibu. "Akifa nitajua, ataacha kulalamika."

Fundi alitoa betri, akatoa boksi la kichujio cha hewa, akachomoa waya mmoja mmoja akiuonya usisahau ulipotoka. Alilaza boriti juu ya bodi la gari, akaining'iniza injini kwa mnyororo, maana giaboksi likitoka injini inabaki haina wa kuiegemea. Kisha akafungua nati ya chini, na hidroliki, ile oili ya giaboksi, ikamiminika kwenye karai. Nyekundu. Nyekundu safi kama juisi ya rozela. Ile ya giaboksi letu ilitoka nyeusi, ina harufu ya maharage yaliyoungua. Fundi alichovya kidole, akanusa, akaninusisha na mimi, halafu jirani akainama akanusa pia.

"Nzuri?" akauliza jirani kwa sauti ndogo.

"Mzee, hii giaboksi umeilea."

Jirani alinyoosha mgongo.

Zilipoanza kutoka bolti ndipo fundi akanipa onyo lenyewe. Bolti zinazolibana giaboksi kwenye injini hazilingani. Kuna ndefu, kuna fupi, na vichwa vyao vinafanana. Ndefu ukiikaza pa fupi, inaendelea kusukuma mpaka inapasua ganda la giaboksi. "Na ganda likipasuka," akasema, "Mama mkubwa wako atafuga rasta."

Hapo nikaona nafasi yangu duniani. Kama kuna kitu naweza, ni kupanga vitu. Nilikwenda barazani nikachukua bao la Mjomba, nikamwaga kete kwenye mfuko, nikaliweka juu ya stuli. Mashimo ya upande wa juu yakawa bolti za juu za giaboksi, kutoka kushoto kwenda kulia kama zilivyokaa. Mashimo ya upande wa chini, za chini. Za stata na za mikono ya kubebea giaboksi nikazipeleka pembeni kabisa. Kila bolti chumbani kwake.

Fundi alitazama muda mrefu. "Kaka, wewe ungekuwa nesi."

Nikaichukua kama sifa.

Kisha likaja lile ambalo sitalisahau. Kati ya injini na giaboksi kuna dude la duara, zito, ukubwa wa sufuria la pilau ya watu kumi, na limefungwa kwenye injini kwa bolti zake za siri. Huwezi kuzifikia ila kwa kidirisha kidogo pale chini, upana wa kiberiti. Na kwenye kidirisha inaonekana bolti moja tu. Nikauliza zingine tunazipataje, tunapiga hodi?

"Tunaziita," akasema fundi. Alikwenda upande wa pili, akashika injini kwa spana ndefu, akaizungusha kwa mkono. Mimi nimelala chini na tochi mdomoni. Injini ikageuka polepole, ikahema, na kwenye kidirisha bolti ya pili ikaja, ikasimama katikati kabisa. Nikaifungua. Akazungusha tena, ikaja ya tatu. Zilikuja moja moja kama wageni wanaoingia mlango mmoja, kila mmoja anangoja wa mbele yake aketi. Nilicheka peke yangu mpaka tochi ikaniangukia kwenye paji la uso.

"Anacheka nini?" nikasikia Mama akiuliza.

"Ameona ndani," akasema Mjomba.

Tulilishusha giaboksi kwa jeki hadi juu ya tairi kuukuu. Fundi akaomba waya wa kulifungia lile dude la duara, lisichomoke likamwaga kilichobaki. Waya haukuwepo. Mama akaingia chumbani akatoka na kanga iliyopauka, akalifunga mwenyewe, fundo la mgongoni, kama anavyofungwa mtoto mchanga. Jirani akasogea karibu, akaweka kiganja juu ya lile bati la kijivu.

"Miaka yote namwambia nenda, anakwenda. Rudi, anarudi. Sijawahi kumwona uso." Akalizunguka. "Mbaya kweli."

Adhana ya mchana ilipolia, fundi akaondoka. Angeswali, halafu apitie maduka ya spea kutafuta sili mpya, ile mipira ya kuzuia oili isivuje. Mimi nikaingia jikoni, kwa sababu watu wanakula hata gari likiwa limefunguliwa. Nilikuwa na mchuzi wa samaki, na kwa ajili ya jirani mchicha wa nazi kwenye sufuria yake peke yake, ambayo haijawahi kuonana na samaki. Nakuna nazi, nasikia huko nje ko, ko, ko, chuma juu ya mbao. Nikasema fundi amerudi upesi, kazi inakwenda.

Nilitoka na sinia. Fundi hakuwepo. Mjomba na jirani walikuwa wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, stuli katikati yao, na Mjomba alikuwa ameinua mkono, ngumi imejaa bolti, anazigawa shimo baada ya shimo.

"Mjomba!"

"Ngoja, nakula."

"Huli wewe," akasema jirani. "Nimekula mimi. Mchezo umekwisha."

Niliweka sinia chini kwa uangalifu. "Wajomba zangu. Wazee wangu. Hizo siyo kete."

"Tunajua siyo kete," Mjomba akanijibu bila haya. "Kete zetu umezimwaga. Tumekuta bao limepangwa, limejaa, limewekwa kivulini. Wewe ungefanyaje?"

"Ningefikiri!"

"Tulifikiri," akasema jirani. "Ndiyo maana mchezo ulikuwa mzuri."

Juu kule kwenye vibaraza watu waliokuwa wanatazama tangu mwanzo wakaanza kuanua nguo ambazo hazijakauka, kama watu waliojua na hawakusema. Mama alitoka. Hakuhitaji kuelezwa, alinitazama uso tu, akatazama bao, akatazama giaboksi lake limefungwa kanga. Akaketi kwenye kizingiti.

"Kesho ni Ijumaa," akasema. "Dada yangu amefumua."

Ni hapo tu nilipomwona Mjomba amenywea. Alikuna shingo. Jirani alitoa miwani, akaipangusa kwa shati, akairudisha.

Fundi aliporudi na sili zake alitazama lile bao kama daktari anayeonyeshwa picha ya mfupa. Nyingine alizitambua papo hapo: za stata hizi hapa, za mikono hizi, zina vichwa tofauti. Zilizobaki ni zile za ganda, zile zile alizoonya.

"Tunazirudisha," akasema jirani.

"Kwa vipi, mzee?"

"Kwa kurudi nyuma. Huyu," akamnyooshea Mjomba kidole, "nimecheza naye tangu nywele zake nyeusi. Sikumbuki nilichokula jana. Lakini bao la leo nalikumbuka."

Na kweli bwana. Walianza mwisho kwenda mwanzo, wanachota pale walipogawa, wanarudisha pale walipochota. Sikuamini. Nilichuchumaa karibu kabisa, pumzi nimeibana. Kumbe bolti zilishapewa majina njiani. Kulikuwa na Kutu, kulikuwa na Mpinda Mgongo, kulikuwa na Bibi Harusi kwa sababu ilikuwa inang'aa. "Kutu alitoka hapa." "Hapana, hapo alipita tu, alilala hapa." "Eh, kweli, nilikuwa nimemtegea." Mara wanakumbushana ujanja, mara wanacheka, mara Mjomba anapiga paja kwa jinsi alivyofumaniwa. Bolti zikarudi vyumbani kwao moja baada ya nyingine, nami nikaanza kuvuta hewa.

Wakabakia na mbili. Ndefu moja, waliyoiita Mrefu, na fupi moja. Hizi zilikuwa kwenye pigo la mwisho, na wote wawili walikubaliana kwamba Mrefu ndiye aliyemla Mfupi. Ila Mrefu alikuwa wa nani?

"Wangu," akasema Mjomba. "Alitoka upande wangu, chini."

"Wangu. Alitoka juu, pale kona."

"Wewe ulikuwa huna kitu kona!"

"Nilikuwa naye yeye! Nilimficha!"

Ukiwasikiliza ungedhani wanabishania bolti. Hapana. Kama Mrefu alitoka chini, Mjomba alishinda. Kama alitoka juu, alishinda jirani. Na kama tungemwamini mwongo, ganda lingepasuka. Nilimsihi Mjomba aape. Akaapa. Nikamsihi jirani aape. Akaapa, tena kwa mkewe marehemu, na Mjomba akasema hiyo siyo haki kwa sababu yeye hakuwahi kuoa.

Mama aliinuka. Alipita katikati yetu akaenda kwenye ukuta, akachomoa njiti moja kwenye fagio lake la chelewa, akampa fundi. "Pimeni shimo. Ubishi wenu unanichelewesha."

Fundi alicheka, akaniambia mimi nipime, kwani mimi ndiye nesi. Nilichomeka njiti kwenye giaboksi, tundu la juu la kona, ikaenda, ikaenda, ikagota. Nikabana kwa kucha, nikaichomoa. Nikaenda tundu la chini. Iligota karibu tu. Nililinganisha vipimo na bolti zote mbili pale kwenye mwanga, na watu wa juu wakainama kwenye vyuma vya vibaraza mpaka nikaogopa mtu ataanguka na shuka lake.

"Ndefu ni ya juu," nikasema.

Jirani alifumba macho kidogo. Halafu akaanza kucheka bila sauti, mabega yanaruka.

"Giaboksi limependelea," akasema Mjomba. "Ni lake, si lake? Linamjua."

"Linanijua," akasema jirani. Aliligusa tena, juu ya kanga. "Limenipa bao, sasa liende."

Tulilitoa gari la jirani, tukaliingiza letu uani, tukafunga hadi giza. Kila bolti ilipokaa chumbani kwake fundi alisema bismillahi na jirani alisema kitu chake kwa Kigujarati, na mimi nilisema "tafadhali."

Ijumaa niliweka D. Gari lilijivuta mbele kwa upole, kama mtu anayejitoa kitandani bila kumwamsha mwenzake. Mama alikaa mbele na kikapu cha mafuta na vitana. Nyuma alikaa jirani, ambaye hakualikwa, na Mjomba, ambaye alisema hawezi kumwachia mshindi wa kupendelewa safari hiyo peke yake. Kila gia ilipobadilika jirani alitikisa kichwa kidogo. Kwenye mataa aliniambia, "Usimkanyage ghafla. Hapendi."

Mama Mkubwa alikuwa mlangoni, kitambaa kichwani. Tulipozima gari akainua uso.

"Hilo siyo gari lenu," akasema. "La kwenu lilikuwa linakohoa likifika kona."

Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi mkekani katikati ya miguu ya Mama. Nywele zake zilikuwa wazi kweli, nyeupe, zimesimama pande zote. Mama akatia mafuta, akapasua mstari wa kwanza, na akaanza kusimulia kabla hajashika msuko: gari, gunia, hidroliki nyekundu, mwanawe aliyelala uvunguni anacheka peke yake. Mama Mkubwa alitaka kujua kila kitu. Bolti zina umbo gani? Kidirisha upana gani? Alinyoosha kidole nimwonyeshe kwa kugusa, nikamwekea kiberiti kiganjani. Akakikunja mkononi, akabaki nacho.

Simulizi ilipofika kwenye bao, Mama aliongeza mambo mawili matatu ambayo sikuyaona. Na mwisho wake, Mjomba ndiye aliyeshinda.

"Dada," jirani akaruka kutoka kwenye kiti. "Dada, haki ya Mungu! Njiti ilisema nini?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye nywele.

"Njiti ilikuwa ya fagio langu," akasema. "Na huyu ni ndugu yangu. Kaa, jirani, chai inakuja."